Kiungo Kidogo cha Waya



Katika mji wetu wa Goma vijana wengi siku hizi hupenda kazi za umeme mdogo. Huyu hutengeneza taa ya betri, yule hufufua redio iliyonyamaza, mwingine huunga kipaza sauti cha kwaya, au kijigari cha kuchezea kiendacho chenyewe. Twafurahi kuwaona, maana kazi ya mikono ni mali isiyoibwa. Nao hutujia mara nyingi na swali moja: “Mwalimu, tununue koleo gani la kubania waya, na kose za namna gani?”

Swali hili laonekana dogo. Labda mtu atasema ya kuwa gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika kuliko koleo na vipande vya shaba. Lakini nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mbao juu ya mawe ya lava, ukuta kwa ukuta, na moto ukishika moja hurukia ya pili kabla ya watu kupata ndoo ya maji. Mahali kama hapa, kiungo cha waya si jambo dogo.

Tena kila nyumba ya mji huu yalijua giza. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya mji. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Ziko na nyumba ambazo waya wa umeme haujazifikia hata leo. Ndiyo maana watu hununua paneli ya jua, betri ya volti 12 na taa ndogo, kisha humwita kijana wa mtaani aje kuunga. Kijana huyo ndiye tunayemwandikia. Na wazazi wake pia, kwa kuwa wao ndio watoao fedha.

Mwaka jana tuliitwa kwa mama mmoja auzaye sambaza. Taa yake ilififia kila jioni, naye alidhani betri imezeeka. Tulipoivuta betri mbele, tuliona ubao wa ukuta umeungua mweusi kwa upana wa sahani. Upande wa pili wa ubao ule ndipo walipolala watoto wake wawili. Tulipima betri: ilikuwa nzima. Tulitazama fyuzi: nayo ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni kiungo kimoja tu: waya mwembamba uliotiwa katika kose kubwa mno, ukapigwa nyundo, ukazungushiwa utepe.

Wengi hushangaa wakisikia ya kuwa fyuzi ilikuwa nzima. “Si kazi yake kukatika panapo hatari?” Hapana, ndugu zetu. Fyuzi hukatika mkondo wa umeme ukizidi kipimo. Kiungo kibovu hakizidishi mkondo. Huuzuia, na katika kuuzuia hupata moto. Fyuzi haikioni. Itakaa kimya huku ubao ukigeuka makaa.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua vyombo vya wati 120 juu ya betri ya volti 12: mkondo ni ampea 10. Sasa tuseme kiungo kimoja kina uzuizi wa omu 0.1 tu. Joto lizaliwalo ni mkondo mara mkondo mara uzuizi, yaani 10 mara 10 mara 0.1: wati 10. Chuma kidogo cha kulehemu, kile kiyeyushacho bati mbele ya macho yetu, ni cha wati 30 hivi. Basi ndani ya kiungo kisichozidi ukubwa wa haragwe umeweka theluthi moja ya chuma cha kulehemu, usiku kucha, nyuma ya kitanda. Tena umepoteza volti nzima kati ya 12. Ndiyo sababu taa ilififia.

Kwa umeme wa volti 220 kazi ile ile ya wati 120 hutaka mkondo wa kiasi cha ampea 0.55 tu, na kiungo kile kile kingetoa joto la wati 0.03. Kwa hiyo wale wasemao, “Volti 12 haziui mtu, unga ovyo tu,” wamekosa. Volti 12 ni kweli hazikurushi ukizigusa, lakini kwa sababu volti ni chache, mkondo ni mwingi, na mkondo ndio upashao viungo moto.

Mji wetu una taabu nyingine mbili. Ya kwanza ni moshi wa milima. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi ya salfa, nayo ikikutana na mvua huwa maji makali; watu wajua mabati yaliwavyo na kutu. Shaba nayo hubadilika, ikafanya ngozi nyeusi au ya kijani isiyopitisha umeme vizuri. Ya pili ni mtikisiko. Chombo kilichofungwa juu ya pikipiki au chukudu, kikipita barabara za mawe, hutikiswa siku nzima; waya uliosokotwa tu hulegea, na waya uliolehemiwa huweza kukatika pale bati linapokoma.

Basi dawa ni nini? Ni kubana kwa koleo lipasalo. Waya huvuliwa ganda, nyuzi zake za shaba hutiwa katika kose, na koleo huikunja kose kwa nguvu nyingi mpaka nyuzi na kose zishikane kama kitu kimoja. Zikibanwa vema, nyuzi hupoteza umbo lao la duara, hujaza kila nafasi, hata hewa haipati njia. Pasipo hewa kuingia, moshi wa mlima hauingii pia. Ndivyo shaba ya ndani ikaavyo safi miaka mingi, ijapokuwa nje imegeuka rangi.

Namna hii si mchezo wa watoto. Mwaka 1941 huko Marekani, Uncas Whitaker alianzisha kampuni iliyoitwa Aircraft-Marine Products, yaani AMP, nayo ilitengeneza kose za kubana kwa ajili ya ndege na meli wakati wa vita. Ndege hutikisika kuliko pikipiki yoyote, na kulehemu maelfu ya viungo kulichukua muda mwingi. Kampuni ya Japani ijulikanayo kwa herufi JST, ambayo kose zake ndogo twaziona katika redio na betri nyingi, hata jina lake lina maana ya kose za Japani zisizolehemiwa.

Sasa tuje kwenye swali la vijana. Jibu letu ni hili: usianze na koleo. Anza na waya, kisha chagua kose iufaayo waya huo, mwisho nunua koleo lililotengenezwa kwa kose hiyo. Kose na koleo ni kama kufuli na ufunguo. Koleo zuri juu ya kose isiyo yake lafanya kazi mbaya, na kose bora chini ya nyundo ni takataka.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, si ule wa uzi mmoja mnene ufaao kuta za nyumba, na uwe wa shaba tupu. Madukani wauzwa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwa macho ni ule ule, kwa bei ni nafuu, lakini hupitisha umeme kidogo kuliko shaba, na ukibanwa huvunjika au hulegea baada ya muda. Ujaribu hivi: kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache. Sisi tulifanya hivyo mbele ya muuzaji mmoja. Aliukunja mzingo wake bila neno, akatuletea mwingine kutoka nyuma. Pia uinue mkononi: wa alumini ni mwepesi.

Kwa njia ya betri na paneli, zifaazo ni kose zenye kofia ya plastiki ya rangi. Rangi si pambo, ni kipimo. Nyekundu ni kwa waya wa milimeta za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu ni 1.5 hadi 2.5, ya manjano ni 4 hadi 6. Ziko zenye pete ya kuingia katika boliti ya betri. Hizi twazisifu, maana hata nati ikilegea kidogo pete haianguki. Waya mwembamba katika kose ya manjano hautashika hata ukibana kwa mikono miwili. Ndio ugonjwa tuliouona kwa yule mama.

Mahali ambapo waya huingia chini ya skrubu, kama katika kidhibiti cha paneli au katika domino, yafaa kuuvika kwanza kikopo chembamba cha shaba ambacho mafundi hukiita ambu. Hicho huzikusanya nyuzi zote pamoja, hata moja isibaki nje ikagusa jirani yake. Wengine hupaka ncha bati la kulehemu kisha wakaza skrubu. Twawaonya: bati ni laini, nalo chini ya skrubu hukimbia polepole, baada ya miezi michache skrubu imelegea ingawa hakuna aliyeigusa.

Kwa kazi ndogo za mezani, yaani vibao vya redio na vijigari, ziko kose ndogo zinazoingia katika kijumba cha plastiki. Zile ziitwazo Dupont zina nafasi ya milimeta 2.54 kutoka pini hadi pini. Zafaa kwa majaribio, kwa sababu huchomekwa na kuchomolewa upesi. Lakini hazina kizuizi, na zikitikiswa hutoka. Zile za JST aina ya XH zina nafasi ya milimeta 2.5, hukaa imara zaidi, na kipimo chake ni ampea 3. Aina ya PH ni ndogo zaidi, milimeta 2.0, nayo ni ya ampea 2. Msidanganywe na macho: 2.5 na 2.54 zafanana, na kwa pini mbili zaweza kuingiliana, lakini kwa pini kumi hazikubali. Wala msizitumie kose hizi ndogo kwa njia kuu ya betri. Zilitengenezwa kubeba ampea chache, si kumi.

Shauri letu kwa kijana mwenye fedha kidogo ni kuchagua aina tatu tu na kuzishika: kose za pete zenye rangi kwa betri, ambu kwa skrubu, na XH kwa vibao. Mwenye aina tatu azijuazo hufanya kazi njema kuliko mwenye sanduku la aina thelathini asizozijua.

Ndipo sasa tununue koleo. Katika maduka ya Birere mtaona koleo la bamba jembamba lililo na kila kitu: hukata, huvua ganda, hubana nyekundu, buluu na manjano. Ni rahisi kwa bei, lakini halina kitu cha kuuzuia mkono. Asubuhi mkono una nguvu na wabana sana; jioni umechoka na wabana nusu. Afadhali koleo lenye meno ya kuzuia, ambalo ukianza kulifunga halikubali kufunguka mpaka limefika mwisho. Hilo humfanya kijana wa miaka kumi na minne abane sawasawa na fundi mkuu. Kwa kose za rangi, taya lake lina mashimo matatu yenye alama za nyekundu, buluu na manjano.

Lakini koleo hilo halifai kamwe kwa kose ndogo za Dupont na XH. Kose hizi zina mabawa mawili mawili: jozi ya mbele hushika nyuzi za shaba, jozi ya nyuma hushika ganda la waya. Taya lipasalo huyakunja mabawa yaingie katikati, kama makwapa mawili yaliyokumbatia. Makoleo ya Kichina yenye alama SN-28B na SN-2549 hutumika sana kwa kazi hii. Liko na koleo la Japani, PA-09 la kampuni ya Engineer, lenye nafasi za milimeta 1.0 hadi 1.9. Halina meno ya kuzuia, na jozi mbili za mabawa hubanwa moja baada ya nyingine. Lataka mkono mtulivu, lakini lakubali kose za makampuni mengi. Ambu nazo zina koleo lake, na hilo laweza kungoja.

Mtatuambia: “Mwalimu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Makoleo hayo tutayapata wapi, na kwa fedha gani?” Ni kweli. Basi msinunue kila mtu lake. Vijana watano wa mtaa mmoja wachange, wanunue mawili: la kose za rangi na la kose ndogo. Wapatane nani alitunze na nani aazime siku gani. Kabla ya kutoa fedha wabane kose mbili tatu pale pale dukani na kuzivuta. Muuzaji akikataa, koleo lake limekwisha jibu. Na fedha ikitosha moja tu, wanunue la kose za rangi, kwa sababu kiungo cha betri kikikosea huchoma nyumba, bali kiungo cha kijigari kikikosea kijigari husimama tu.

Kazi yenyewe ni hii. Vua ganda kwa kiasi kilekile kose itakacho, bila kukata hata uzi mmoja. Usizisokote nyuzi sana. Tia waya hata ncha za nyuzi zionekane kidogo mbele ya mabawa ya shaba, na ukingo wa ganda ukae kati ya jozi mbili. Ganda likiingia chini ya mabawa ya mbele, umebana plastiki, hukubana shaba. Bana mpaka koleo lijifungue lenyewe. Kisha tazama: nyuzi zote zimo ndani? Mabawa ya nyuma yameshika ganda bila kulitoboa?

Halafu vuta. Tulipokuwa seminarini, alikuwapo fundi mzee aliyekuja kutengeneza jenereta. Sisi tulikuwa tukisoma Kilatini asubuhi na kumshikia taa alasiri. Kila kose aliyoibana aliivuta mara tatu kwa nguvu, na mara nyingine waya ukatoka, naye akaanza upya bila kunung’unika. Mmoja wetu akamwuliza kwa nini ajiharibie kazi yake mwenyewe. Akajibu, “Afadhali uchomoke mkononi mwangu mchana kuliko kwa mwenye nyumba usiku.” Katika mambo mengi tuliyofundishwa miaka ile, neno hilo hatujalisahau.

Liko jaribio jingine, jema kwa mwenye koleo jipya. Toa kose moja sadaka: ibane juu ya waya, kisha ikate katikati kwa msumeno mwembamba na uilainishe kwa jiwe. Tazama sehemu iliyokatwa kwa kioo cha kukuza. Ukiona nyuzi zimebanana bila nafasi, kama masega ya nyuki, koleo lako ni jema. Ukiona bado ni duara zenye matundu meusi katikati, koleo na kose si mke na mume, badili kimojawapo.

Je, tuache kulehemu? La. Vibao vya redio hulehemiwa, na viko viungo vilivyotengenezwa kwa kulehemiwa tu, kama vile vya manjano viitwavyo XT60, ambavyo hutumika kwa betri za lithiamu. Lakini kubana vibaya kisha kumwaga bati juu ili kufunika kosa si dawa. Bati hupanda ndani ya waya, huufanya mgumu kama kijiti, na mtikisiko huuvunja pale ugumu ukomapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kupaka ufa rangi si kuuziba.

Nanyi wazazi, neno moja. Kijana akija kuunga umeme nyumbani kwenu, msimpime kwa wepesi wake wala kwa bei yake tu. Mwombeni awaonyeshe koleo lake. Mwombeni avute kila waya mbele yenu, na baada ya taa kuwaka saa moja, mguse naye ganda la kila kiungo kwa nyuma ya vidole: kikiwa na joto kuliko waya uliokifuata, kifunguliwe na kibanwe upya siku hiyo hiyo. Kijana mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba mmejua thamani ya kazi isiyoonekana, na mwezi ujao atarudi kuvitazama viungo vyake bila kuitwa.